Kifaa Kinapokatika Ndani ya Mishipa ya Moyo: Mwongozo kwa Timu ya Kathilabu (Chumba cha Matibabu ya Moyo kwa Katheta)

Waya wa kuongozea puto na stenti (kijibomba cha wavu wa chuma cha kushikilia mshipa wazi) una unene wa inchi 0.014, yaani milimita 0.36. Katika upasuaji wa tundu dogo wa moyo, kazi yote hupita juu ya uzi huo wa chuma: unasukumwa, unazungushwa, unabanwa na puto, unaburuzwa juu ya chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa. Karibu kila mara unatoka mzima. Kukatika au kubaki kwa kifaa hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukiona kisa hata kimoja, kisha akakutana nacho mara ya kwanza hana kitanzi cha kunasia kipande kwenye kabati.

Mwongozo huu unawahusu daktari, muuguzi wa mezani na mtaalamu wa mionzi kwa usawa, maana mara nyingi anayegundua kwanza siye aliyeshika waya. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya vitendo. Msimamo wake ni mmoja: madhara makubwa huletwa na kule kuvuta kunakofuata baada ya kifaa kukwama au kukatika. Mshipa unachanika, uzi unafumuka hadi kwenye aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni), stenti inachomoka na kwenda na damu. Kabla ya kuvuta chochote, ujue nini kimeshika, na kimeshikia wapi.

Vifaa hukatikia wapi, na kwa nini

Waya wa moyo una kiini cha chuma cha pua au nitinoli (aloi ya nikeli na titani) ambacho huchongwa kuwa chembamba zaidi kuelekea nchani. Nchani kiini hicho kimezungushiwa koili (uzi wa chuma uliosokotwa kama springi), mara nyingi ya platinamu, ili ionekane kwenye eksirei. Waya una urefu wa sentimita 180 hadi 190, lakini kinachoonekana vizuri kwenye skrini ni sentimita chache tu za mwisho. Ukikatika nyuma ya sehemu hiyo, kipande kinaweza kuwa kirefu kuliko unavyokiona, na hilo limewadanganya wengi.

Sehemu dhaifu ni pale kiini kinapopungua unene na pale koili inapoungana nacho. Uharibifu huwa wa namna mbili. Waya unaweza kukatika, yaani chuma kimechoka kwa kuzungushwa au kupindwa. Au unaweza kufumuka: koili imeshikwa mbele, wewe unavuta nyuma, nayo inanyooka kuwa uzi mwembamba unaozidi urefu wake wa awali mara nyingi. Kufumuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu uzi huo hauonekani kirahisi na damu hugandia juu yake.

Mazingira yanayoleta hali hiyo yanajulikana:

- Ncha imekwama kwenye chokaa au kwenye mshipa ulioziba kabisa kwa muda mrefu, na daktari anaendelea kuzungusha upande uleule. Usizidishe nusu mzunguko, nyuzi 180, kisha rudisha upande wa pili.
- Kwenye panda ya mshipa, waya wa tawi la pembeni umeachwa nyuma ya stenti, halafu stenti ikakandamizwa kwa presha kubwa.
- Keekee ya kusagia chokaa imezunguka juu ya waya uliopinda.
- Waya umetumika kupita kiasi: umeingia na kutoka kwenye vizingiti (sehemu zilizoziba) kadhaa, ncha imekunjwa na kunyooshwa mara nyingi, na bado unalazimishwa kazi nyingine.

Stenti nayo huchomoka kwenye puto lake inaposukumwa kwenye mshipa wenye chokaa au kona kali ambao haujatanuliwa kwanza, au inaporudishwa ndani ya katheta elekezi (mrija unaopitisha vifaa hadi kwenye mdomo wa mshipa wa moyo) ambayo mdomo wake haujalingana na mshipa. Zamani, stenti zilipokuwa zikibanwa juu ya puto kwa mkono pale mezani, jambo hili lilikuwa la kawaida zaidi. Siku hizi hubanwa kiwandani na zinashika vizuri, ila hazijawa sugu. Puto hupasuka kwa presha iliyozidi au kwa kuchomwa na chokaa. Katheta hujikunja, hasa inayopitia mkononi.

Kabla ya mgonjwa kuingia

Kagua sanduku la uokozi kila asubuhi, si mwisho wa mwezi. Liwe na vitanzi vya ukubwa tofauti (milimita 2, 4 na 7 kwa mishipa ya moyo, na 10 hadi 25 kwa aota na mishipa mikubwa), maputo ya milimita 1.25 au 1.5, puto la 2.5 la kubania, mikrokatheta (katheta nyembamba sana), katheta ya kurefushia, nyaya laini za ziada zisizopungua tatu, waya mmoja wa sentimita 300, mirija ya kuingilia ya 7F na 8F, stenti yenye kifuniko ya kuziba mshipa uliotoboka, na vifaa vya kutoa damu kwenye mfuko wa moyo. F moja ni theluthi ya milimita, kwa hiyo katheta ya 6F ina unene wa milimita 2 kwa nje. Ndani yake kuna takriban milimita 1.8, na namba hiyo ndiyo inayoamua ni kitu gani kitaweza kurudi humo.

Kama hakuna kitanzi kabisa, kinaweza kutengenezwa. Kunja waya wa sentimita 300 katikati, upate miguu miwili ya sentimita 150, kisha upitishe lile kunjo ndani ya katheta ya uchunguzi ya 5F yenye urefu wa sentimita 100. Unabaki na sentimita 50 za kushika na kufungua kitanzi. Kinafaa kwenye aota na mishipa ya nyonga, kupitia tundu la pili. Udhaifu wake ni kwamba hakisimami wima mbele ya katheta kama cha kiwandani, kwa hiyo kulenga ncha ya kipande ni kazi ya subira.

Muuguzi wa mezani asitupe boksi lolote mpaka mgonjwa atoke. Namba ya toleo na namba ya bidhaa zimeandikwa pale, na kifaa kikikatika zitahitajika zote mbili.

Kuhusu kuosha na kurudia vifaa vilivyoandikwa kuwa ni vya kutumika mara moja: kwa waya, puto na katheta za moyo, msimamo wetu ni kutofanya hivyo. Plastiki huchoka kwa joto na kemikali za kuua vijidudu, utando wa utelezi hubanduka, na kiini kilichokwishapindwa hakirudii nguvu yake hata kikionekana kimenyooka. Tunaujua uhaba wa vituo vyetu na tunajua bei ya waya mmoja. Bei hiyo iko mbali sana na ya kufungua kifua.

Dalili kwamba kitu kinakaribia kukatika

Kuna ishara tatu za mkononi. Ya kwanza: unazungusha kizungushio lakini ncha kwenye skrini haigeuki, na ukiachia, waya unarudi wenyewe kinyume. Hapo umejaza msokoto ndani ya chuma. Ya pili: unapovuta waya, katheta elekezi inanyonywa kuingia ndani ya mshipa. Maana yake ncha imeshikwa, na nguvu unayotumia inahamia kwenye mdomo wa mshipa mkuu wa kushoto au kulia, ambako mchaniko mmoja unaweza kumuua mgonjwa. Ya tatu ndiyo inayopotosha: uzito unaisha ghafla na waya unakuja kirahisi. Wengi hufurahi. Usifurahi mpaka umeiona ncha.

Kwa sababu hiyo, kila waya unaotoka upanguswe kwa shashi nyeupe iliyoloa maji ya chumvi, na ncha yake ichunguzwe chini ya taa. Waya mzima una ncha ya mviringo, laini. Uliokatika una ncha kali au ya mraba. Uliofumuka una unywele wa chuma unaonata kwenye shashi. Ukaguzi huu unachukua muda mfupi sana, na unakionyesha kipande mgonjwa akiwa bado kwenye meza, kabla hajashuka wodini na maumivu ya kifua.

Dakika za kwanza

1. Simama. Mikono ibaki ilipo. Tamka kwa sauti kwamba kifaa kimekatika, na muuguzi aandike saa.

2. Usitoe chochote kilichobaki ndani. Waya uliobaki kwenye mshipa ndio njia yako ya kurudi. Stenti iliyochomoka lakini bado iko juu ya waya inaweza kuokolewa kwa dakika chache. Ikitoka kwenye waya, hesabu inabadilika.

3. Mtazame mgonjwa kwanza kabla ya kukishughulikia kipande. Maumivu, presha, mapigo, mabadiliko ya ECG. Mshipa ukiwa umefunga, lengo la kwanza ni kurudisha damu. Kipande kitasubiri.

4. Pima ACT, yaani sekunde ambazo damu inachukua kuganda. Wakati wa uokozi inatakiwa iwe angalau sekunde 250 hadi 300, na wengi hupendelea ipite 300. Ikiwa chini, ongeza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Rudia kipimo kila dakika 20 hadi 30, maana uokozi huchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Usitoe protamini ya kugeuza heparini wakati vifaa bado viko ndani ya mshipa wa moyo.

5. Piga picha bila dawa ya rangi kwanza, kwa kukuza, kutoka pembe mbili. Dawa ya rangi hufunika kipande. Kisha ingiza dawa taratibu. Ukiisukuma kwa nguvu, inaweza kuipeleka mbele stenti iliyo huru.

6. Tafuta ncha mbili: ya mbele iko wapi, na ya nyuma imeishia wapi? Ndani ya tawi, kwenye shina la mshipa, ndani ya katheta, au inaning'inia kwenye aota? Usipoipata, ultrasaundi ya ndani ya mshipa itakuonyesha uzi ambao eksirei haiuoni.

7. Kama kipande hakionekani moyoni, kitafutwe kwa mpangilio: aota, mabega na mikono, shingo, tumbo, nyonga, miguu.

8. Piga simu. Kwa mwenzako mwenye uzoefu zaidi na kwa daktari wa upasuaji wa kifua. Ambako hakuna upasuaji wa moyo kwenye jengo hilo, kituo cha rufaa kiwe kimejulikana kabla, kama vile JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete) Dar es Salaam au Uganda Heart Institute kule Kampala, pamoja na namba ya aliye zamu.

Waya umekwama lakini haujakatika

Hapa ndipo visa vingi huokolewa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Usivute waya mtupu. Pitisha mikrokatheta, au puto dogo lisilojazwa, juu ya waya huohuo mpaka karibu kabisa na pale uliposhikwa. Sasa ukivuta, nguvu inafika moja kwa moja kwenye ncha badala ya kusambaa kwenye koili nzima, na mshipa wote wa nyuma unalindwa na ala ya plastiki. Mara nyingi waya huachia kwa mvuto mdogo tu. Wakati huo mtu wa pili aishike katheta elekezi na kuirudisha nyuma kidogo, ikae nje ya mdomo wa mshipa, ili isinyonywe ndani.

Ikigoma, pitisha waya mwingine kando, kisha puto la 1.5 lijazwe kwa presha ndogo pembeni ya ncha iliyokwama. Hiyo hutanua nafasi. Ngoja, jaribu tena. Nitrogliserini ndani ya mshipa husaidia kama mshipa umebana kwa mkazo, ilimradi presha inaruhusu.

Waya uliobanwa nyuma ya stenti hufuata kanuni hiyohiyo, lakini kinga yake ni bora kuliko tiba. Kabla ya kufungua stenti, hakikisha waya wa tawi umeingia mbele vya kutosha ili koili laini isikae chini ya vyuma vya stenti. Fungua stenti kwa presha ya kawaida. Pitisha waya mpya kwenye tawi, toa ule uliobanwa, na hapo ndipo utumie puto gumu la presha kubwa. Kugeuza mpangilio huo ni kuushindilia waya ukutani.

Waya umekwisha kukatika

Kuna njia nne, na uchaguzi unategemea ncha ya nyuma iko wapi.

*Ncha iko ndani ya katheta elekezi.* Hii ndiyo bahati nzuri. Ingiza puto la milimita 2.5 juu ya waya mpya, lisimame ndani ya katheta kando ya kipande, usilipitishe nje ya mdomo. Lijaze kwa atmosfia 12 hadi 14. Kipande kimebanwa kati ya puto na ukuta wa katheta. Toa katheta, puto na kipande kwa pamoja kama kitu kimoja, polepole, macho kwenye skrini. Puto lisipunguzwe mpaka vyote viwe nje ya mwili. Kama ncha iko nje kidogo tu ya mdomo, katheta ya kurefushia inaweza kuifuata na kuimeza, kisha ubane vilevile.

*Ncha iko kwenye shina la mshipa au inaelea kwenye aota.* Tumia kitanzi. Chagua kipenyo kinachokaribiana na cha mshipa: kikiwa kidogo hakiwezi kukamata, kikiwa kikubwa hakifunguki. Peleka katheta ya kitanzi karibu na ncha, fungua kitanzi, kisongeze mpaka ncha ipite katikati. Kufunga kuna siri yake: usivute kitanzi kuelekea katheta, sukuma katheta kuelekea kitanzi. Ukivuta, kitanzi kinahama na kukiachia ulichokikamata. Thibitisha kutoka pembe mbili kwamba umeshika, kisha vuta taratibu. Shika karibu na mwisho wa kipande kadiri inavyowezekana, kwa sababu waya uliokamatwa katikati hujikunja mara mbili na kuwa mnene kupita mlango. Kisipoingia kwenye katheta, kishushe kikiwa kimeshikwa mpaka kwenye mrija wa kuingilia, na huo ubadilishwe kwa mkubwa zaidi ikibidi.

*Kipande kiko ndani ya mshipa na hakuna ncha ya kukamata.* Pitisha nyaya mbili laini kando ya kipande, zivuke mbele yake. Ziweke zote mbili kwenye kizungushio kimoja na zungusha upande mmoja mpaka uone zinasokotana na kukizunguka kipande. Vuta zote kwa pamoja. Nyaya zenye utelezi mwingi hazishiki vizuri kwa kazi hii. Usokotaji huu huo unaweza kuvuta na stenti iliyotulia au kukwaruza ukuta, kwa hiyo jaribio moja au mawili yanatosha.

*Kuacha.* Kipande kifupi, kilicho mwisho wa tawi dogo au ndani ya mshipa uliokuwa umeziba kabisa tangu awali, huku damu ikipita vizuri kwingine, kinaweza kuachwa. Kipande kilicho kwenye shina kinaweza kubandikwa ukutani kwa stenti, mradi ultrasaundi imethibitisha kwamba chote kimefunikwa. Usiache uzi unaofika kwenye aota. Damu inaweza kugandia juu yake na bonge likapanda kichwani kama kiharusi. Uzi mrefu uliofumuka kupitia mshipa mkuu wa kushoto, ukishindikana kwa kitanzi, ni wa daktari wa upasuaji, na afadhali aitwe mapema kuliko baada ya saa tatu za kujaribu na mgonjwa akiwa amepokea dawa ya rangi hadi figo zinalalamika.

Stenti imechomoka

Ikiwa bado iko juu ya waya, tulia: kuna nafasi nzuri. Pitisha puto la 1.25 au 1.5 ndani ya stenti ileile mpaka livuke upande wa mbele. Lijaze hapo kwa presha ndogo, kisha livute nyuma taratibu. Puto linaikokota stenti kurudi kwenye katheta elekezi. Hakikisha mdomo wa katheta umelingana, na ukihisi inakwaruza pale mdomoni, usilazimishe kuiingiza. Shusha katheta, puto, stenti na waya vyote kwa pamoja mpaka kwenye mrija wa kuingilia.

Puto likiingia ndani ya stenti lakini lisiweze kuvuka, jiulize kama mahali ilipo panakubalika. Mshipa ukiwa na ukubwa unaolingana na stenti, ifungue hapohapo kwa maputo yanayoongezeka ukubwa: 1.5, 2.0, halafu ukubwa kamili. Haikuwa mpango, lakini stenti iliyofunguka vizuri mahali pasipopangwa ni salama kuliko stenti iliyokunjamana inayokimbizwa.

Ikishatoka kwenye waya, kuna kitanzi, au kuikandamiza ukutani kwa stenti nyingine inayopita pembeni yake. Ikishuka na damu hadi kwenye mshipa mdogo wa mguu bila kuleta dalili, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa. Ikielekea kichwani, hilo ni jambo la dharura.

Stenti inapogoma kupita, hatua sahihi ni kuirudisha kabla haijakwaruzwa, kutanua zaidi kwa puto gumu, kuimarisha katheta elekezi, kisha kujaribu tena. Stenti iliyorudi mezani ikaguliwe kingo zake kwa jicho. Kingo zikiwa zimeinuka, isirudi mwilini.

Puto

Kwenye kifurushi kuna presha mbili: ile ya kufikia ukubwa uliotajwa, na kikomo cha kupasuka. Kikomo hicho kimewekwa kwa majaribio ambayo maputo 999 kati ya 1,000 hayapasuki, lakini majaribio hayo hufanywa bila chokaa yenye ncha kali. Changanya dawa ya rangi na maji ya chumvi nusu kwa nusu. Ikiwa nzito, puto litachelewa kupungua.

Geji ikianguka ghafla na damu ikaonekana kwenye mrija wa pampu, puto limepasuka. Nyonya mara moja, kisha piga picha kuona kama mshipa umechanika au umetoboka, na eko (ultrasaundi ya moyo) iwe tayari. Mpasuko wa kwenda urefu hurudi kirahisi. Mpasuko wa kuzunguka huligeuza puto kuwa mwavuli unaonasa kwenye mdomo wa katheta, na anayelazimisha hapo hubaki na mpini (mrija mrefu wa puto) mkononi na kichwa ndani ya moyo. Toa na katheta yake.

Puto likikataa kupungua, nyonya kwa sirinji kubwa ya mililita 50 na usubiri dakika nzima, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Kagua mpini nje ya mwili kuona kama umepindika, maana mara nyingi ndipo palipozibwa; ukate kati ya kona hiyo na mwili wa mgonjwa. Hatua za mwisho ni kulijaza mpaka lipasuke, au kulitoboa kwa upande mgumu wa waya ndani ya mikrokatheta. Zote mbili zina hatari ya kuchana mshipa, na hufanywa pale tu mgonjwa anapokosa damu ya moyo.

Mpini uliokatika ndani ya katheta elekezi hutolewa kwa kubana na puto la pili, kama waya.

Katheta iliyojikunja mkononi

Mawimbi ya presha yamelala ghafla, na kichwa cha katheta unakizungusha bila ncha kugeuka. Usiendelee. Hamisha eksirei ifuate mkono mzima, kwa sababu kunjo mara nyingi liko kwenye mkono wa juu au begani huku macho yote yako kifuani.

Zungusha kinyume cha ulikokuwa unazungusha, taratibu, ukitazama. Ikifunguka, pitisha waya wa inchi 0.035 na utoe katheta juu yake. Isipofunguka kwa sababu inazunguka yote pamoja, fungia mkanda wa kupimia presha juu kidogo ya kunjo, upande wa bega, na uujaze kupita presha ya mgonjwa: ncha inabanwa, nawe unafungua msokoto kutoka chini. Ikishindikana, ingia kupitia paja, kamata ncha kwa kitanzi, inyooshe kutoka pande zote mbili huku ukifungua. Katheta yenye fundo isivutwe kupitia mshipa wa kifundo cha mkono hata siku moja; huo una kipenyo cha milimita 2 hadi 3 tu, na utachomoka pamoja nayo.

Keekee iliyonasa

Almasi ziko upande wa mbele tu wa kichwa cha keekee. Kikipita kizingiti bila kukisaga na kikakwama ng'ambo, hakiwezi kujisagia njia ya kurudi. Kwa hiyo: mizunguko 135,000 hadi 180,000 kwa dakika, kugusa na kurudi bila kusukuma, kila mzunguko wa kazi uishe kabla ya sekunde 30, na usimame mizunguko ikishuka zaidi ya 5,000. Kichwa kisizidi 0.6 ya kipenyo cha mshipa. Kikinasa, waya wa pili na puto dogo pembeni ndiyo hatua ya kwanza. Kisha kukata mpini na kutelezesha katheta ya kurefushia mpaka kwenye kichwa, ukivuta kwa mpigo mmoja. Kisipotoka, upasuaji.

Baada ya hapo

Pima. Nyoosha kilichotoka kwenye meza kando ya waya mpya wa aina ileile. Tofauti ya urefu ndiyo kilichobaki mwilini, na ilingane na kinachoonekana kwenye picha ya mwisho. Isipolingana, hujamaliza. Kumbuka waya uliofumuka hupimika mrefu kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo angalia kama koili ya platinamu imetoka, usitegemee sentimita peke yake.

Vipande visitupwe. Vihifadhiwe kwenye mfuko wenye lebo ya kibaolojia, pamoja na boksi lenye namba ya toleo, na tukio liripotiwe kwa mamlaka: TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania, Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya, pamoja na mtengenezaji. Mamlaka ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari maalumu mwaka 2008 kuhusu vipande vya vifaa vinavyobaki mwilini, na nyingine mwaka 2015 kuhusu utando wa utelezi unaobanduka. Tahadhari za namna hiyo hujengwa juu ya ripoti zilizoandikwa na watu kama ninyi.

Mgonjwa aambiwe siku hiyohiyo, akiwa ameamka vizuri, mbele ya ndugu anayemtaka awepo. Kwenye karatasi ya ruhusa kuandikwe: kifaa gani, cha metali gani, kipande kina urefu gani, kiko kwenye mshipa upi, nani alishauriwa kabla ya kuamua kukiacha. Iandikwe pia dawa za kuzuia damu kuganda na muda wake, dalili za kumrudisha haraka hospitali, na kwamba kabla ya kipimo chochote cha MRI aionyeshe karatasi hiyo, kwa sababu kipande cha metali kinaweza kupata joto au kusogea ndani ya mashine. Nakala moja ya picha ya mwisho aipewe mkononi.